Vya Kubomoa, Sifuri

Vazha alipohamia Gdańsk mwezi wa kumi
aliondoka na kompyuta yake mpakato,
na ndani yake, bila mtu kujua, ofisi nzima:
toleo lile moja la programu lililokubali,
njia ya panya ya kufikia seva za maji ya mji,
mazoea ya miaka sita ambayo hakuna aliyeyaandika.
Ukimwuliza, alijibu, "Kwangu inafanya kazi."
Kwake, ndiyo. Kwake sasa ni Gdańsk.

Jumamosi, Kutaisi. Mvua.
Makomamanga ya jirani yamepasuka yangali mtini.
Nestani amewasha jiko la kuni,
amevaa soksi za sufi za marehemu babake,
anaandika faili moja.
Jumatatu anaanza Tsotne, miaka ishirini na miwili,
kompyuta kairithi kwa dada yake, kibodi haina herufi K.

Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu jembe.
Hapa mgeni hupewa jembe siku ya kwanza,
ila vipande vipande,
na wiki nzima ya kutafuta mpini.
Nestani anataka alikute mlangoni, limenolewa.

Anaandika: anza na mfumo mdogo, usiobeba yasiyotumika.
Weka chombo cha kujengea, toleo hili hapa,
si "jipya kuliko yote",
kwani jipya la leo kesho ni jingine,
na wawili wakisoma neno hilohilo
watashika vyombo viwili.
Mtumiaji asiwe mkuu wa mashine.
Funguo za wingu zisiingie humu kamwe.
Mstari huo anausoma mara tatu,
akikumbuka bili ya Aprili
ambayo ofisini haitajwi.

Ujenzi wa kwanza unakufa: koma moja.
Wa pili unafika dakika ya sita, unakufa
kwenye hati ya zamani ya Vazha, iliyoandikwa juu yake:
"Usiguse. Sijui kwa nini inafanya kazi."
Anaigusa.
Kumbe kila ilipoendeshwa ilisimama nusu dakika
kuisubiri seva iliyozimwa miaka mitatu iliyopita.
Anakaa kidogo, mikono mapajani.
Kisha anaifuta.

Shangazi Dodo anapita na mkate wa jibini, anachungulia.
"Unatengeneza nini?"
"Kompyuta, ndani ya kompyuta iliyo mbali."
"Kama chumba cha mgeni."
Nestani nusura akubali.
Lakini chumba hubaki na harufu ya aliyelala,
na nywele moja kwenye mto.
Hiki kikivunjwa kimevunjwa; cha kesho hakiijui jana,
na usichokipeleka hazinani
ni kama hukukiandika.
"Basi mtoto wa watu ataweka wapi vitu vyake?"

Mkate unapoa.
Anaifungua faili upya, na safari hii anaona
njia za mkato kumi na moja, zake mwenyewe,
alizozipachika humo bila kujua:
amri alizozifupisha kwa ulimi wake,
rangi azipendazo, hata jina la paka.
Vazha mwingine huyu, mwenye soksi za sufi.
Anazing'oa moja moja, mbili kwa uchungu,
anaacha mahali patupu
penye jina la Tsotne.

Jumatatu, kijana anabonyeza kitufe kimoja.
Dakika mbili na nusu, anazihesabu kwa goti.
Kivinjari kinafunguka na kila kitu kimo,
hata yale ambayo hajui kuyauliza.
Herufi K anainakili kutoka neno jingine, anaibandika,
anaomba mpango uonyeshwe.

Vya kuongeza, vitatu.
Vya kubadili, hakuna.
Vya kubomoa, sifuri.

Anaondoa mikono kwenye kibodi
kama aliyeshika sufuria ya moto.
"Nimevunja kitu?"
"Bado," anasema Nestani,
na kumsogezea kiti karibu na jiko.